Nyumba tuliyopanga inauzwa, dalali anataka tutoke mwisho wa mwezi. Je, mkataba wetu umekufa?

#1 Mama Watatu

Wakuu, naomba mnivumilie, ni ndefu kidogo. Leo ni usiku wa nne sipati usingizi.

Tumepanga nyumba nzima, mimi, mume wangu na watoto watatu. Tuna miaka sita humu, na kitinda mimba wetu amezaliwa tukiwa humu humu. Mkataba tunaandikishana upya kila mwaka, na huu wa sasa umebakiza miezi saba. Kodi hatujawahi kuchelewesha hata mara moja.

Jumamosi nimetoka chumbani nikamkuta dalali sebuleni na watu wanne nisiowajua. Mtoto ndiye aliyemfungulia. Anawatembeza, anawaonyesha vyumba, mmoja wao anapiga picha mpaka kitanda cha binti yangu. Nilipomuuliza akashangaa kwamba sijui nyumba ipo sokoni. Kisha akasema tujiandae kutoka mwisho wa mwezi huu kwa sababu wateja wote wanataka nyumba tupu.

Nikampigia baba mwenye nyumba. Hakukana. Anasema ana madeni, nyumba ni yake, na mkataba wa pango hufa siku nyumba inapouzwa, kwamba ndiyo sheria. Nimeusoma mkataba mara tatu, sijaona mahali panaposema hivyo.

Naomba kujua: ni kweli mkataba umekufa? Huyu dalali anaruhusiwa kuingiza watu ndani mwangu namna hii? Na amana yetu ya miezi miwili tutamdai nani, huyu au mnunuzi? Mume wangu pia alijenga makabati ya jikoni kwa fedha yetu, mwenye nyumba aliridhia kwa mdomo tu.

Binti yetu mkubwa ana mtihani wake wa mwisho baada ya miezi mitano. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote.

#2 Kijana wa Kazi

Pole sana dada. Ila mimi nasema lililo kweli, mali ni ya mtu. Mwenye nyumba akitaka kuuza anauza, mpangaji unafungasha. Badala ya kubishana naye tumia huu mwezi kutafuta kwingine kabla mambo hayajawa mabaya.

#3 Karani Mstaafu

Ndugu yangu wa #2, najua umesema kwa nia njema, lakini ushauri huo umewatoa watu wengi majumbani kabla ya wakati wao. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi nikipokea mashauri ya pango. Niliyoyaona ni kwamba wapangaji wengi hawakuondolewa na sheria. Waliondolewa na maneno ya dalali mlangoni, wakahama wenyewe.

Mama Watatu, kuuza ni haki yake na wala usiibishie. Lakini mtu huuza kile alicho nacho. Huyu bwana alichonacho leo ni nyumba ambayo haki ya kuishi ndani yake ameshakupa wewe hadi tarehe iliyoandikwa, na fedha yako ameshaila. Nyumba tupu hana. Basi hawezi kumkabidhi mnunuzi nyumba tupu kwa kutamani tu. Mnunuzi anaipokea ikiwa na wewe ndani, na mkataba wako ndani, naye anakuwa ndiye mwenye nyumba wako kwa masharti yale yale uliyotia saini: kodi ile ile, siku ile ile ya kulipa, tarehe ile ile ya mwisho.

Kanuni hii ina historia, na ni vizuri uijue ili mtu asikuambie umeizua. Katika sheria ya Warumi wa kale mambo yalikuwa kama anavyosema mwenye nyumba wako. Mnunuzi hakufungwa na mkataba wa mpangaji, aliweza kumtoa, na mpangaji akabaki kumdai fidia yule aliyempangisha. Baadaye Waholanzi wakaigeuza, wakasema pango hutangulia ununuzi. Kanuni hiyo ikasafiri hadi Afrika Kusini, ambako mahakama zinaitumia mpaka leo. Ujerumani imeandikwa kwenye Sheria ya Kiraia, kifungu cha 566: mwenye nyumba akiiuza nyumba baada ya mpangaji kukabidhiwa, mnunuzi anaingia kwenye haki na wajibu wa mkataba. Kwa hiyo hiyo "ndiyo sheria" aliyokutajia ni sheria ya Warumi.

Sasa, nguvu ya mkataba hutegemea aina yake.

Kama una muda maalumu, mfano mwaka mmoja, kwa kawaida unalindwa hadi muda uishe. Angalizo: nchi nyingi zinataka mikataba ya miaka mingi iandikishwe kwenye daftari la ardhi ndipo imfunge mnunuzi. Ya muda mfupi mara nyingi haihitaji hilo.

Kama unalipa mwezi kwa mwezi bila tarehe ya mwisho, unaweza kuondolewa, lakini kwa notisi. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi isiyopungua kipindi cha malipo: ukilipa kwa mwezi, angalau mwezi mmoja, na iishie siku ya kulipa kodi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Notisi inayotoka katikati ya mwezi haihesabiwi kuanzia mwezi uliokwisha kuanza.

Kama huna karatasi kabisa, usidhani huna mkataba. Risiti za kodi, ujumbe wa simu, miamala ya benki, jirani aliyekuona ukiingia, vyote hivyo vinathibitisha upangaji. Ugumu ni kuthibitisha masharti.

Nakuomba kitu kimoja, rudi kwenye mkataba uusome mara ya nne. Usitafute neno "kuuza". Tafuta neno "kusitisha" au "kuvunja". Kisha urudi hapa.

#4 Mama Watatu

Mzee wangu, asante sana. Nimesoma. Kipo kifungu cha tisa: "Upande wowote unaweza kusitisha mkataba huu kwa kutoa notisi ya maandishi ya miezi mitatu." Nilikuwa nakiruka kwa sababu hakitaji kuuza. Hii ina maana gani kwetu?

#5 Karani Mstaafu

Ina maana mbili, moja nzuri na moja si nzuri, na sitakuficha.

Nzuri ni kwamba "mwisho wa mwezi" haipo. Ikipungua sana ni miezi mitatu, kwa maandishi, kuanzia siku utakayoipokea, na itoke kwa mwenye nyumba au mtu aliyempa mamlaka ya wazi. Maneno ya dalali sebuleni si notisi. Simu yako na mwenye nyumba nayo si notisi. Mpaka leo unapoandika hapa, saa haijaanza kuhesabu.

Isiyo nzuri ni kwamba miezi saba si yako yote. Akiamka kesho akaandika barua sahihi, una miezi mitatu, isipokuwa kama sheria ya mahali ulipo inamtaka awe na sababu maalumu pia. Zipo nchi ambazo kifungu kama hicho katika nyumba ya kuishi hakina nguvu pasipo sababu inayotambuliwa na sheria. Hilo muulize wakili au kituo cha msaada wa kisheria ukiwa na mkataba mkononi, usiulize kwa simu.

Kwa hiyo mtihani wa binti, miezi mitano, hauko salama kwa karatasi peke yake. Utalindwa kwa mazungumzo. Ila mazungumzo ya mtu anayejua ana miezi mitatu ya hakika mkononi ni tofauti na ya mtu anayeomba huruma ya wiki tatu.

#6 Mdau wa Ughaibuni

Naomba nichangie kidogo kwa sababu nimepanga nchi zaidi ya moja.

Ufaransa kuna sheria ya tarehe 6 Julai 1989. Kwa nyumba isiyo na samani, mwenye nyumba anayetaka uondoke ili auze hawezi kukutoa katikati ya mkataba. Anasubiri mwisho wake, na notisi inatoka angalau miezi 6 kabla. Notisi yenyewe ni lazima itaje bei na masharti ya kuuza, kwa sababu mpangaji ndiye anayeuziwa kwanza, na ana miezi 2 ya mwanzo ya hiyo notisi kuamua. Akikataa kisha mwenye nyumba akashusha bei kwa mtu mwingine, mpangaji anarudishiwa nafasi kwa bei hiyo mpya. Na kuhusu watu kuja kutazama, kifungu cha mkataba kinachokulazimisha kupokea wageni siku za sikukuu, au zaidi ya saa 2 kwa siku ya kazi, ni batili.

Uingereza kwa miaka mingi hali ilikuwa ngumu zaidi. Chini ya Sheria ya Makazi ya mwaka 1988, mkataba wa muda ukiisha, mwenye nyumba alitoa notisi ya miezi 2 bila kueleza sababu yoyote. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inaiondoa notisi hiyo. Anayetaka kuuza anatakiwa atoe miezi 4, hawezi kufanya hivyo katika mwaka wa kwanza wa upangaji, na akishaitumia sababu hiyo haruhusiwi kuipangisha tena nyumba kwa miezi 12. Hili la mwisho linanigusa. Rafiki yangu alitolewa na watoto wake kwa jina la "tunauza", na baada ya wiki sita nyumba ile ile ilikuwa imepangishwa kwa kodi ya juu.

Ninayaleta haya ili mleta uzi aone kwamba anachokidai si ukaidi. Nchi mbalimbali zimeona kwamba familia haiwezi kuhamishwa kama mzigo wa duka.

#7 Kijana wa Kazi

Mkuu Karani, nimekusoma na nimekuelewa. Nilikuwa sijui kwamba mnunuzi anaubeba mkataba. Swali langu, kwani mnunuzi akisema hakuambiwa kama kuna mpangaji?

#8 Karani Mstaafu

Swali zuri. Kwa kawaida haimsaidii. Anayenunua nyumba anatarajiwa kwenda kuitazama na kuuliza anayeishi ndani anaishi kwa haki gani. Watoto wanacheza uani, nguo zimeanikwa kambani, utasemaje hukujua? Kama muuzaji alimdanganya, ugomvi huo ni wa mnunuzi na muuzaji.

#9 Nimewahi Kuuza

Mimi niko upande wa pili, naomba nisikilizwe bila hasira.

Niliuza nyumba iliyokuwa na familia ndani. Sikuuza kwa kupenda, kulikuwa na ugonjwa nyumbani. Nilifanya kosa lile lile la huyu bwana: niliona aibu kuwaambia, nikamwachia dalali. Baba wa familia ile aliposikia kwa mtu baki aliumia, akafunga geti, akakataa watu wasiingie kabisa. Miezi miwili ikapita bila mteja hata mmoja. Mwishowe nilikwenda mwenyewe, nikakaa naye chini, nikamwomba radhi. Tukakubaliana: wateja waje Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi tu, nimjulishe siku mbili kabla, na mimi nimsamehe kodi ya miezi miwili ya mwisho ili apate fedha ya kuhamia anakokwenda. Tukaandika, tukatia saini. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akifagia uwanja kabla wateja hawajafika.

Ninachotaka dada akione ni kwamba wewe una kitu anachokihitaji mwenye nyumba wako. Anahitaji nyumba safi, iliyo wazi kwa wateja, na tarehe ya uhakika ya kutoka. Vyote vitatu viko mikononi mwako. Miezi mitatu ya kununiana itamgharimu zaidi kuliko miezi mitano na nusu ya amani. Mwambie hivyo.

Tena wapo wanunuzi wanaotaka mpangaji abaki. Anayenunua ili apate kodi anafurahi kukuta mtu aliyelipa miaka sita bila kukosa. Uliza kama dalali amewatafuta wa aina hiyo au anang'ang'ania wanaotaka nyumba tupu tu.

#10 Bint Shuwari

Dada, mimi nitakueleza upande wa giza ili ujiandae.

Sisi tulipokataa kutoka kwa maneno, maji yalikatwa. Fundi akaja kusema bomba limeharibika, wiki tatu hakurudi. Kisha tukarudi jioni moja tukakuta geti lina kufuli jipya, na mtoto wa miezi minane mgongoni. Tulilala kwa jirani. Kesho yake tulikwenda polisi tukaambiwa hayo ni mambo ya madai, nendeni mahakamani. Tulipofika kwenye msaada wa kisheria ndipo tukajua kwamba mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mtu kwa mikono yake: si kubadili kufuli, si kukata maji wala umeme, si kutoa vyombo nje, si kung'oa mabati. Hata mwenye haki ya kukutoa anatakiwa apitie mahakama. Tulipata amri ya kurudishwa siku ya tano.

Siku hizo tano sitazisahau. Kwa hiyo fanya haya sasa, kabla hakujaharibika kitu. Piga picha mita ya maji na ya umeme. Piga picha kila chumba. Risiti zote ziweke nje ya hiyo nyumba, kwa ndugu au jirani unayemwamini, maana zetu zilifungiwa ndani. Kila anachokuambia kwa simu, mwandikie ujumbe mfupi baadaye: "Kama ulivyoniambia leo saa nne..." Akijibu au asijibu, tayari una kumbukumbu.

#11 Mpole

Mimi naona asilipe kodi tena. Amkomoe. Hiyo ya miezi mitatu ndiyo itafidia amana.

#12 Karani Mstaafu

Mpole, hapana, tafadhali. Nimeona wenye haki wakishindwa kesi kwa jambo hili moja. Ukiacha kulipa unampa mwenye nyumba sababu ambayo hakuwa nayo. Badala ya kuulizwa "kwa nini unamtoa kabla ya muda?", anakwenda mahakamani kama mdai wa kodi. Lipa siku ile ile, kwa njia inayoacha alama.

Nyumba ikishauzwa, kuna mtego mwingine. Atakuja mtu kusema yeye ndiye mwenye nyumba mpya, mlipe yeye. Usimlipe kwa kusikia. Dai barua kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani inayosema kuanzia tarehe fulani kodi alipwe fulani, na uone nakala ya hati au mkataba wa mauzo. Wapo waliolipa matapeli mara mbili.

Na ikiwa anayeuza si yule uliyesaini naye, kwa mfano baba amefariki na watoto ndio wanauza, uliza ni nani msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mmoja wa marehemu hawezi kukupa notisi kwa niaba ya nduguze wote kwa sababu tu yeye ndiye mwenye sauti.

#13 Dalali wa Miaka Mingi

Nimeusoma uzi wote na nimeona kazi yetu inavyosemwa. Baadhi yetu tunastahili.

Dada, yule hakupaswa kuingia. Mkataba wa pango unakupa nyumba uitumie bila bughudha, na hiyo inamzuia hata mwenye nyumba mwenyewe kuingia atakavyo. Lakini kuzuia wateja moja kwa moja nako si salama, maana mikataba mingi ina kifungu cha ukaguzi, na mahakama hutarajia mpangaji aruhusu utazamaji wa kiasi. Suluhisho ni ratiba. Wewe ndiye uipendekeze: siku mbili kwa wiki, saa moja moja, taarifa ya maandishi saa 24 kabla kama si zaidi, uwepo nyumbani mwenyewe, na mtoto asimfungulie mtu.

Picha: wana haki ya kupiga picha ya nyumba, si ya maisha yako. Kitanda cha mtoto, picha za ukutani, vyeti, sare ya shule yenye jina, hivyo visionekane kwenye tangazo lolote. Zilizopigwa dai zifutwe. Mimi mwenyewe huwaambia wapangaji wafungie vitu vya thamani chumba kimoja siku ya wateja, kwa sababu mimi siwajui wale watu zaidi ya namba zao za simu.

#14 Mama Watatu

Nimelia nikisoma #10. Asanteni nyote. Mume wangu naye anasoma hapa pembeni yangu.

Tumeamua kuandika barua. Mzee Karani, unaweza kunisaidia maneno? Sitaki iwe ya kumtukana, miaka sita tumeishi naye vizuri.

#15 Karani Mstaafu

Ifanye fupi. Barua ndefu huwa na maneno ya kujutia.

"Mpendwa mwenye nyumba. Tarehe fulani dalali alinieleza kwamba nyumba ninayopanga inauzwa na kwamba tutoke mwisho wa mwezi. Naomba unithibitishie kwa maandishi kama unauza. Mkataba wetu unaendelea hadi tarehe fulani, na kwa kifungu cha tisa usitishaji unahitaji notisi ya maandishi ya miezi mitatu, ambayo sijaipokea. Nitaendelea kulipa kodi kama kawaida. Niko tayari kupokea wateja Jumatano saa kumi na moja jioni na Jumamosi saa nne asubuhi, kwa taarifa ya siku moja kabla. Naomba pia maandishi kuhusu nani atashika amana yetu baada ya mauzo. Ningependa tuzungumze ana kwa ana kuhusu tarehe inayotufaa sote."

Nakala mbili. Asaini ya kwako kwamba ameipokea, na tarehe. Akikataa kusaini, tuma kwa njia ambayo itaonyesha imefika.

Makabati usiyaweke kwenye barua hii. Hayo ni ya mezani. Kwa sheria, kilichoshikizwa ukutani mara nyingi huhesabiwa ni sehemu ya nyumba, na ridhaa ya mdomo ni ngumu kuithibitisha. Ila katika mazungumzo ni hoja nzuri, kwa sababu yanapandisha bei ya nyumba yake.

#16 Mgeni wa Jukwaa

Samahani kuingilia. Sisi nyumba yetu haiuzwi na mwenye nyumba, inauzwa na benki. Tumeona tangazo la mnada limebandikwa getini. Mkataba wetu ni wa miaka miwili. Haya mnayosema yanatuhusu?

#17 Karani Mstaafu

Ndugu, pole, na kwako jibu ni gumu zaidi. La kuuliza kwanza ni kipi kilitangulia, rehani au mkataba wako. Kama nyumba ilikuwa imewekwa rehani kabla hujapanga, na benki haikuridhia upangaji, nchi nyingi haki ya benki inakuwa mbele yako na mkataba wako hauwezi kuizuia. Kama ulitangulia wewe, au benki iliridhia, una msimamo mzuri.

Hata unaposhindwa bado kuna muda wa kudai. Marekani, baada ya wimbi la nyumba kunyang'anywa na mabenki, sheria ya mwaka 2009 iliwapa wapangaji wa kweli angalau siku 90, na mara nyingi haki ya kumaliza mkataba wao kama mnunuzi hataki kuishi humo mwenyewe. Iliisha muda, ikarudishwa mwaka 2018 iwe ya kudumu. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2010, mpangaji ambaye benki haikumtambua anaweza kuomba mahakama isogeze tarehe hadi miezi 2. Usisubiri siku ya mnada. Iandikie benki leo kwamba upo, unalipa kiasi gani, na mkataba unaisha lini. Mara nyingi benki haijui kabisa kama kuna mtu ndani. Fungua uzi wako tukusaidie vizuri, tusiufunike huu.

#18 Mama Watatu

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi na moja.

Barua alisaini. Alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa pale pale anapokaa kila mwaka tukiandikishana mkataba. Mwanzo alikuwa mkali, akasema tumemshitaki mitandaoni. Mume wangu akamwambia hatujataja jina lake popote, akamwekea mkataba mezani na kidole kwenye kifungu cha tisa. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akatueleza deni lake. Sitaliandika hapa, ni lake, lakini niliona si mtu mbaya, ni mtu aliyebanwa.

Tulimwambia alichosema mkuu wa #9, karibu neno kwa neno: nyumba itakuwa safi, wateja watapokelewa, na tutampa tarehe ya kutoka asiyohitaji kuihangaikia. Sisi tunataka wiki mbili baada ya mtihani wa binti. Amekubali. Tumeandika, mashahidi wawili, na imesemwa wazi kwamba mnunuzi yeyote atafungwa na tarehe hiyo na nakala itaambatanishwa kwenye mkataba wa mauzo. Makabati atatulipa nusu. Mume wangu alitaka yote, mimi nikamwambia tukubali.

Dalali ameshafuta zile picha, alinionyesha simu.

Kilichobaki ni amana. Anasema fedha hiyo hana kwa sasa, mnunuzi ndiye atakayeturudishia. Niamini?

#19 Karani Mstaafu

Hongera mwanangu, hasa kwa hiyo nakala kuambatanishwa. Wengi husahau.

Amana usiiache kwenye neno la mdomo. Ujerumani wamelitatua hivi: mnunuzi anabeba wajibu wa kurudisha amana, na mpangaji akishindwa kuipata kwake, muuzaji wa awali bado anadaiwa. Wewe tengeneza ulinzi huo huo kwa karatasi. Mnaweza kuandika kwamba amana inakatwa kwenye kodi ya miezi yako miwili ya mwisho. Hapo hakuna fedha inayotembea na hakuna wa kumkimbiza. Kama hataki, iandikwe kwenye mkataba wa mauzo kwamba kiasi hicho kimepunguzwa kwenye bei na mnunuzi amekipokea kama amana yako. Njia ya kwanza ni bora kwako.

#20 Nimewahi Kuuza

Naunga mkono ya kwanza. Kwa mtu mwenye deni ndiyo inayomfaa pia, hatoi fedha mfukoni. Mwambie hivyo hivyo.

#21 Mama Watatu

Amekubali ya kwanza. Ametia saini leo saa mbili usiku, kwenye karatasi ile ile, chini ya majina ya mashahidi. Nakala moja imeshakwenda kwa dada yangu, kama alivyoniusia Bint Shuwari.

Kesho Jumatano wateja wa kwanza wa ratiba mpya wanakuja saa kumi na moja. Binti nimemhamishia meza yake ya kusomea kwenye chumba chetu, mlango utafungwa.

#22 Bint Shuwari

Nimefurahi mpaka machozi dada. Mwambie binti tunamwombea.